Mumewe Yumo Majini

Mfua nguo alitia mashuka ya hoteli kwenye karai, akafungua bomba la zambarau, na mumewe akakohoa ndani ya maji.

Bomba hilo lilitoa majitaka yaliyosafishwa upya, ya kufulia, ya chooni na ya bustani. La buluu, la maji ya kisima, lilikuwa la kunywa na kupikia tu. Tangu mtaa ukubali utaratibu huo, kisima kilichokuwa kinakaribia kukauka kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyepigania ndoo tena.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza mfua nguo. Mumewe, fundi wa mtambo wa kusafishia maji, alikuwa hajaonekana tangu kabla ya mvua. Injinia alisema ametoroka na mwanamke.

"Nipo chini ya tangi la pili. Ukuta uliniangukia. Injinia alijua umepasuka."

"Unaumia?"

"Hapana. Baridi tu."

Akamaliza kufua, akaanika, akaenda kwa Injinia. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua yuko pale, dada. Lakini kumtoa ni kuzima mtambo. Watu watarudi kufulia maji ya kunywa, na kisima hakitamaliza mwezi. Uwatie watoto wa watu kiu kwa ajili ya marehemu?"

Nyumbani, jirani yake alikuwa anamwagilia mchicha. Naye alijua, wote walijua.

"Shemeji ana adabu," alisema. "Mtu akiingia chooni, hunyamaza kabisa. Ila bomba lisifungwe, mama. Tumeteseka mno."

Mfua nguo akaenda kuanua mashuka.

Jioni akaja mdogo wa mumewe, amevaa mabuti mapya ya mpira. Alikuwa ameajiriwa kuziba ufa wa tangi la pili. Mfua nguo akafungua bomba mpaka mwisho ili kijana ajisikilizie mwenyewe.

"Shikamoo, kaka," alisema kijana, akavua kofia.

"Marahaba. Usishuke, mdogo wangu. Ukuta bado unasogea."

"Nimekusikia. Lakini nisiposhuka mimi, atashuka mwingine. Na kazi mbaya si mchezo mwema."

"Kaa hapa, shemeji," mfua nguo alimshika mkono. "Nakuomba."

Kijana akautoa mkono wake kwa upole, akavaa kofia, akaenda.

Asubuhi maji yalitoka na mchanga kidogo, kisha yakawa safi. Mfua nguo alisikia sauti mbili zikizungumza polepole, kama watu waliolala kitanda kimoja. Kwenye geti la mtambo, Injinia alikuwa anachagua fundi mwingine, na foleni ya waomba kazi ilikuwa imefika barabarani.

Mke wa yule mdogo akaja na karai lake, macho yamevimba.

"Nimeambiwa wangu naye yumo humu."

"Yumo," alisema mfua nguo, akamsogezea kigoda. "Kaa. Msalimie."