Viazi vya Myrnäs

Kila mkutano mkuu wa klabu yetu ya pikipiki kuukuu pale Säffle ulimalizika kwa hadithi ileile kutoka kinywa kilekile. Folke Rydbrandt alijaza kiti kwa makalio na chumba kwa sauti, akaanza. Mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na tisa, alipanda pikipiki yake ya jeshi iliyoundwa mwaka 1942, akashika barabara ya arobaini na tano inayopita mlangoni petu, akaenda nayo mpaka Rasi ya Kaskazini, kule Norway inakoishia. Peke yake. Ushahidi ulitundikwa juu ya birika la kahawa: picha ya Folke mwembamba, mkono kiunoni, pikipiki ubavuni, na nyuma yake maji ya kijivu.

"Bahari ya Aktiki hiyo," alikuwa akisema, kama vile aliichimba babake.

Mimi ni Gullvi, mchomeleaji vyuma katika kiwanda cha karatasi. Klabuni nililetwa na baba yangu, Hilding, nikiwa msichana. Baba naye alijaribu safari ile, kiangazi cha 1983. Alifika Karesuando, mpakani na Finland, valvu ya injini ikavunjika, akarudi nyumbani juu ya lori la samaki. Alipoulizwa, akasema kweli: "Sikufika." Tangu siku hiyo Folke alimwita Bwana Nusu Njia. "Mpeni Nusu Njia nusu kikombe," alisema kahawa ilipomiminwa, na watu wazima wenye wake na wajukuu wakacheka kila mwaka kama wameisikia leo. Baba alicheka nao. Kisha akarudi nyumbani, akala viazi vyake kimya. Alikufa na jina hilo, na mimi nikarithi pikipiki yake ya mwaka 1956.

Kwa hiyo mwaka 2019, Folke alipotangaza kwamba klabu itarudia safari yake tukufu, yeye mwenyewe akiwa kiongozi, nilijiandikisha wa kwanza. Walijiandikisha kumi na mmoja. Ilipofika Juni, mmoja goti, mwingine mjukuu, mwingine mke kakataa. Tulibaki watatu: Folke, mimi, na Torgny, mpeleka barua mstaafu, mtu wa maneno machache ambaye kila alilosema lilikuwa na mwiba.

Folke alitangulia kwa kasi ya kilomita sitini, akiinua mkono kila kona kama askofu anayebariki kondoo. Tulipopumzika kunywa kahawa, alifundisha. Aliwafundisha Wajerumani historia ya Uswidi. Alimfundisha mhudumu wa mgahawa kukata mkate. Mimi alinifundisha kushika klachi, mimi niliyemtengenezea gia zake mara mbili.

"Gullvi mwanangu, pikipiki ni kama farasi. Lazima umsikilize."

"Wako anasemaje, mzee?" Torgny akauliza. "Maana anakunywa oili kuliko petroli."

Tulikwenda hivyo siku tatu, misonobari kulia, misonobari kushoto, mara moja moja kulungu wa kaskazini wamelala katikati ya lami kama wamelipia. Tulipopita Vilhelmina, Folke akaanza vituko. Alitaka tuiache barabara ya bara, tukate kwenda pwani.

"Bara kuna mbu," alisema.

"Mwaka ule ulipita bara," Torgny akamkumbusha. "Umetusimulia mara arobaini."

"Ndiyo maana najua kuna mbu!"

Hatukukubali. Akanuna. Na baada ya Arvidsjaur, kiongozi wetu akaacha kuongoza. Akarudi nyuma, kajishushia kioo cha helmeti mpaka kidevuni, na jua linawaka. Nikafikiri ni tumbo. Mchana ule alikuwa amekula samaki wa chumvi wa watu wawili.

Kilomita themanini hivi kabla ya Jokkmokk, kwenye kijiji kiitwacho Myrnäs, tairi langu la nyuma likapata pancha. Palikuwa na nyumba nyekundu kando ya ziwa na kibao: vyumba, kahawa, madonge ya viazi na nyama. Mahali pazuri kuliko hapo pa kupata pancha sijui. Lakini Folke hakuzima injini.

"Twendeni mbele. Jokkmokk kuna karakana."

"Kilomita themanini, tairi halina pumzi?"

"Isukume polepole."

Torgny akavua helmeti, akamtazama kama anavyotazamwa mbwa aliyekataa nyama.

Mlango ukafunguka, akatoka mama wa miaka sabini na kitu, aproni kiunoni, mabuti ya mpira miguuni. Hakututazama sisi. Aliitazama pikipiki ya Folke, akaizunguka, akagusa tangi penye bonde dogo upande wa kushoto.

"Bonde hili alilipiga ng'ombe wangu," alisema. Ndipo akainua macho. "Folke! Bwana Viazi! Hebu vua hiyo helmeti nikuone. Mungu wangu, umenenepa kama boya!"

"Umenifananisha, mama," Folke akajibu kutoka ndani ya helmeti.

"Nikufananishe? Mtu niliyemlisha wiki mbili? Ingieni, ingieni."

Jina lake Elsy. Alituketisha kwenye chumba cha kulia, akaweka madonge ya viazi na siagi, nikashika uma, lakini sikuwahi kula. Ukutani, kati ya saa na kalenda, palikuwa na picha. Folke mwembamba, mkono kiunoni, pikipiki ubavuni, maji ya kijivu nyuma. Ila hii haikukatwa. Kushoto kwa Folke palikuwa na kamba ya nguo zinazokauka, sidiria mbili zikiwemo, na kulia ng'ombe mweupe mwenye mabaka akimtazama mpiga picha.

Bahari ya Aktiki ilikuwa hapo nje ya dirisha, na bata wanaelea juu yake.

"Picha hiyo niliipiga mimi," Elsy akasema kwa fahari. "Injini ilimgandia hapo barabarani. Nilikuwa mjane, nina shamba na mikono miwili tu. Kipuri kilichukua wiki mbili kuja. Akanipalilia viazi, akanikaushia majani. Usiku wa kwanza alilia humu jikoni kwa sababu ya mbu, maskini. Kipuri kilipofika akaniambia, 'Mama, mimi narudi kwetu.' Akageuza, akashika njia ya kusini." Akamgeukia Folke. "Ulikuwa mpaliliaji hodari. Nimekusifia kwa watu miaka yote."

Torgny aliweka uma chini taratibu. "Sasa naelewa. Niliwahi kukuuliza, mwaka ule ulivukaje kwenda kisiwani iliko Rasi, ukanijibu ulipita darajani. Nikasema moyoni, mbona miaka ile kulikuwa na feri?" Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimwingia kwenye ndevu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu. Kutoka Myrnäs hadi Karesuando ni zaidi ya kilomita mia tatu. Baba yangu, Nusu Njia, alikuwa amempita Folke kwa safari ya siku nzima. Na miaka yote alipewa nusu kikombe na mtu aliyeshindwa na mbu.

"Ulijua," nikamwambia. "Kila ulipomwita vile, ulijua."

Folke alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema kwanza kwamba Elsy amesahau. Kisha kwamba alirudi tena mwaka uliofuata. Kisha kwamba hadithi ni hadithi, na vijana walihitaji kutiwa moyo.

"Vijana gani? Baba alikuwa na umri kukuzidi!"

"Hilding hakuudhika. Alicheka."

Nilisimama, nikaenda kuziba pancha yangu, kwa sababu mkononi nilikuwa na uma.

Asubuhi kitanda cha Folke kilikuwa kitupu na pikipiki haipo. Elsy alisema kaondoka saa kumi na moja bila kunywa chai. "Kashika njia ya kusini," Torgny akakisia. "Anaijua vizuri." Tukaendelea wawili.

Karesuando tulifika kesho yake. Nilisimama kabla ya daraja la kuingilia Finland, nikala mkate wangu wa jibini nikiitazama karakana ya zamani ambako baba aliambiwa valvu haipatikani. Torgny alijifanya anakagua cheni yake. Kisha nikapiga kiki, nikavuka, na nilipofika ng'ambo, mahali ambapo pikipiki ya baba haikuwahi kukanyaga, nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu. Sikusimama.

Baada ya Kautokeino, tukiwa tayari Norway, kwenye nyika isiyo na mti hata wa kujinyongea, tulimwona mtu ameketi juu ya jiwe kando ya pikipiki, kajifunika wavu wa mbu. Folke. Hakuwa amerudi kusini. Cheni yake ilikuwa imekatika, na mtaalamu wetu wa farasi hakubeba hata kiungo kimoja cha akiba.

"Gullvi," akasema, "nisaidie, mwanangu."

Kiungo nilikuwa nacho. Nikakitoa mfukoni, nikakishika aone.

"Baba yangu alifika wapi?"

"Karesuando."

"Na wewe mwaka sabini na nane?"

Mbu walikuwa wanaimba. Torgny akazima injini yake ili asikie vizuri.

"Gullvi, hayo ni ya zamani."

"Hata cheni yako ni ya zamani. Basi ibaki hivyo hivyo."

Akatazama barabara pande zote mbili. Hakuna aliyekuja. "Myrnäs," akasema.

"Sema nani alikuwa nusu njia."

"Mimi. Haya. Mimi. Umeridhika?"

Nilidhani nitaridhika. Nilikuwa nimeyatamani maneno hayo tangu nyumbani kwa Elsy, lakini kuyasikia kutoka kwa mzee aliyevimba mashavu kwa kuumwa na wadudu ilikuwa kama kupiga mto wa kulalia: ngumi inazama, hakuna linalovunjika. Nikamfungia cheni. Hakusema ahsante, alisema nimeikaza mno.

Rasi ya Kaskazini tuliingia watatu, mchana wa Alhamisi, baada ya kupita handaki chini ya bahari lenye baridi ya kaburi. Ukungu ulikuwa mzito hata taa yangu ya mbele sikuiona vema. Maegesho yalijaa mabasi, watalii wanakula keki za jamu, wanapiga picha weupe mtupu. Bahari tuliisikia tu. Folke alisimama kwenye uzio muda mrefu, na kwa dakika moja nikamhurumia. Kweli kabisa. Alikuwa amefika, kwa pikipiki yake, akiwa na miaka sabini, na si jambo dogo.

Ndipo mama mmoja wa Kiholanzi akamuuliza kama ni mara yake ya kwanza.

"Ya pili," Folke akajibu, akaingiza tumbo ndani. "Mara ya kwanza hakukuwa na ukungu huu."

Torgny aliketi chini, palepale kwenye changarawe. Mimi nikaenda kununua kahawa. Nikanunua vikombe viwili vilivyojaa, kimoja changu, kimoja cha Torgny.

Kwenye mkutano mkuu wa vuli nilisimama, nikaeleza kila kitu, bila kuongeza chumvi kwa kuwa ilikuwa tayari imekolea. Wanaume walewale waliocheka miaka yote sasa waligundua kwamba siku zote walikuwa na mashaka. Mmoja alisema alimheshimu sana Hilding. Nikamwambia angemwambia Hilding. Mtu akapendekeza tupitishe ajenda ya paa linalovuja.

Folke hakungoja paa. Alijiuzulu kwa barua ya kurasa nne, akaanzisha klabu yake mwenyewe. Ina wanachama wawili. Yeye ni mwenyekiti. Mwingine ni mkewe, ambaye hana pikipiki na, kwa ninavyomfahamu, hana hamu nayo. Nasikia kiangazi kijacho klabu hiyo inakwenda Iceland, na kiongozi wa msafara ameanza kuwaeleza majirani jinsi barabara za kule zilivyo.