Sabuni Iliyokataa Kuwa Nzito

Mimi nina mdomo. Najijua, na mtaa mzima wa Nkuhungu unanijua, kwa hiyo sina haja ya kujitetea. Nikishasema nimesema, na nikishasema lazima nitende, hata kama moyo unanidunda. Ndiyo maana nilijikuta natengeneza sabuni ilhali miezi miwili kabla nilikuwa sijui hata sabuni inaanzia wapi.

Chanzo ni Anyesi. Anyesi ni Mgogo wa Buigiri, nami ni Mnyamwezi niliyezaliwa hapa hapa Dodoma. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya bara, kichwani pembe ya ndovu, alipofika hapa akasema miguu imetosha, akaoa na kubaki. Kwa hiyo mimi na Anyesi ni watani. Yeye husema babu yangu hakubaki kwa mapenzi, alibaki kwa sababu alishindwa kulipa ushuru wa maji waliokuwa wakitozwa wapita njia. Mimi humwambia mpaka leo Wagogo hawajaacha kutoza. Tumepakana vyumba kwa miaka kumi na moja, na sidhani kama kuna siku imepita bila mmoja wetu kumtukana mwenzake kwa furaha.

Kazi yake ni kufua. Anafua mashuka ya nyumba moja ya wageni kule Ipagala, mashuka meupe, mabunda mawili kila wiki. Hana mume, alishamzika, na watoto hakujaaliwa. Mashuka yale ndiyo yanayomweka mjini.

Sasa, mgeni akija Dodoma, kitu cha kwanza kumshangaza ni maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukisugua sabuni ya mche povu halitoki, unatoka utando mzito unaoganda kwenye nguo, na kadiri unavyofua ndivyo utando unavyozidi. Mashuka ya Anyesi yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya majivu. Kosa si lake. Mikono yake ilikuwa imechanika vidoleni kwa kusugua.

Jioni moja alikuja kukaa kwangu, tukawa tunamenya karanga. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya, kwamba Makame, msimamizi wa ile nyumba, amempa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao. Siku hiyo mashuka yasipokuwa meupe, wataleta mashine na kazi itakuwa imekwisha.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi narudi Buigiri kwa kaka yangu na mkewe. Nitakaa hapa nile nini, mtani? Nikutazame wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilitazama ule ukuta unaotutenganisha, nikafikiria asubuhi nimegonga ukuta na hakuna anayenigongea. Nikakasirika. Mimi nikiumia hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

"Huendi popote," nikasema. "Nitakutengenezea sabuni mimi mwenyewe."

"Wewe? Chai tu unaunguza."

Basi nikaenda Morogoro kwa mdogo wangu Salwa. Pale mtaani kwake kuna kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji, dawa ya kusafishia choo, mpaka mafuta ya kupaka. Mwalimu wao anaitwa Loisi, mama mnene mwenye subira. Siku mbili nilikaa naye, nikaandika kila neno kwenye daftari. Sabuni yake ilikuwa nzito, ukiinua mwiko inateremka taratibu na kung'aa. Nilirudi Dodoma nikiwa fundi. Kwenye basi nilimfundisha abiria wa pembeni yangu, na yule hakuwa ameniuliza.

Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yenyewe, ndipo vifaa vyote vilipotimia. Unaweza kusema mbona nilichelewa. Nilichelewa kwa sababu nilitaka pipa zuri, basi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeloweka magadi, ile soda ya unga. Asubuhi nikavaa glavu, nikamwita Anyesi aje kushika mwiko.

Tukamimina salfoniki, dawa nyeusi nzito kama asali mbichi. Tukatia maji kidogo kidogo. Tukatia ile soda, pipa likachemka na kutulia. Tukatia ungaroli, ute mweupe ambao ndio mama wa povu, na rangi ya bluu kidogo. Anyesi anakoroga, mimi nasoma daftari kwa sauti ya mhubiri.

"Koroga upande mmoja tu! Mwalimu kasema upande mmoja, mwanzo mpaka mwisho!"

"Nakoroga upande mmoja."

"Usibadilishe mkono!"

Ikafika zamu ya chumvi. Daftari linasema: chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, robo kilo kwa pipa, iyeyushe kwanza. Nikayeyusha, nikamimina. Pale Morogoro, chumvi ilipoingia tu, mwiko ulianza kuwa mgumu mkononi. Hapa kwangu mwiko ukazidi kuwa mwepesi. Nikaongeza gao la chumvi, kiganja tele. Sabuni ikawa nyepesi zaidi. Nikaongeza jingine, na jingine, kwa hasira sasa. Ikabaki maji matupu, yenye wingu kama maji yaliyooshewa mchele.

Nilitazama lile pipa. Vifaa vyote vimo humo ndani, na Ijumaa ni keshokutwa.

"Umebadilisha mkono," nikasema.

"Sikubadilisha."

"Nilikuona! Ulihamisha mwiko kulia kwenda kushoto, ukarudisha nyuma. Umeniharibia sabuni yangu!"

"Rukaya, sikurudisha nyuma."

Hapo ningenyamaza. Lakini nimeshasema kwamba nina mdomo. Nikamwambia pengine hataki kubaki, pengine anatafuta sababu ya kwenda kwao, basi aende. Utani una mpaka wake, na mtani mzuri anaujua. Ule niliuvuka nikiuona. Anyesi akalaza mwiko juu ya pipa, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia kwake. Angenitukana ningelala vizuri.

Alhamisi asubuhi nikabisha hodi kwake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini nilipofika mlangoni yakanikimbia yote. Yeye alikuwa pale barazani anapika mlenda kwa ajili ya mchana.

"Karibu," akasema, bila kuniita mtani.

Nikakaa kwenye kigoda. Kwa kukosa la kusema nikachota mlenda kidogo kwa kijiko, nikaonja. Ulikuwa umeteleza vizuri, na umekolea.

"Chumvi umepatia," nikasema. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kuomba radhi, nilifikiri nitaanzia hapo.

"Sijatia chumvi."

"Mbona imekolea?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima anayeuliza jua linachomoza wapi. "Kwa maji haya nani anatia chumvi? Mama yangu alinifundisha, ukipikia maji ya kisima, mlenda usiuguse kwa chumvi. Utakuja kuumwagia kuku."

Kijiko kikanidondoka.

Nilifikiria maji ya Morogoro, yanavyoteremka kutoka milimani, matamu, unakunywa mpaka unasahau kiu ilikuwaje. Loisi anapima chumvi yake kwa maji yale. Mimi nimebeba kipimo chake mpaka hapa, nikakitia kwenye maji ambayo tangu yatoke chini ya ardhi yana chumvi yake. Halafu nikaongeza magao matatu. Miaka hamsini na tatu nimeyanywa maji haya, nimeyapikia, nimeyalalamikia, na siku moja tu niliyotakiwa kuyakumbuka nikayasahau kwa sababu daftari limesema.

Nikampigia Loisi pale pale. Nikamweleza kila kitu, isipokuwa yale magao matatu. Akauliza, "Uliongeza ngapi?" Nikayataja.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, sabuni ikizidiwa chumvi inakatika. Lakini haijafa. Tafuta maji matamu uiongezee, kidogo kidogo, itarudi."

"Yaani imeshakuwa maji, niiongeze maji?"

"Niamini."

Nikakata simu nikamweleza Anyesi. Mwezi wa kumi, Dodoma, mvua ya mwisho tumeiona mwezi wa nne. Maji matamu yatoke wapi?

Anyesi alikuwa ameshachukua ndoo mbili. "Kanisani," akasema.

Kanisa lao lina tangi kubwa linalokinga maji ya paa wakati wa masika. Anayelinda ufunguo ni mwinjilisti Yotham, mzee asiyependa mchezo na maji hayo, maana ndiyo wanayokunywa wagonjwa na wazee mpaka mvua irudi. Nilibaki nje ya geti, nimejitanda ushungi vizuri, nikiwa mpole kuliko nilivyowahi kuwa. Nilimsikia Anyesi akimwamkia, "Shikamoo baba," na kueleza.

"Ya kutengenezea sabuni?" mzee akauliza.

"Ya kunibakiza mjini, baba."

Nikasikia funguo zinalia.

Tukarudi na ndoo mbili vichwani, polepole, bila kumwaga hata tone. Njiani nikasema, "Anyesi, jana mimi..."

"Nyamaza, utamwaga maji," akasema. Tukapiga hatua kadhaa. "Ila utalipa ushuru, mtani. Mnyamwezi hapiti kwenye maji ya Mgogo bure. Nataka jogoo."

Aliniita mtani. Ningempa ng'ombe kama ningekuwa naye.

Kwenye pipa nikamkabidhi mwiko. "Koroga upande unaoutaka," nikasema. Akakoroga kulia, akakoroga kushoto, akanitazama usoni, akachora namba nane. Nilijiuma ulimi. Mimi nikawa namimina maji ya mvua kwa kikombe. Kikombe cha kwanza, hakuna. Cha tano, hakuna. Kwenye cha kumi na mbili Anyesi akasema, "Mh." Wingu likaanza kuondoka. Cha ishirini, mwiko ukaanza kuvuta.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Sabuni ikang'aa, ikakunjamana kuufuata mwiko, ikawa nzito. Tumeiongeza maji ikawa nzito! Anyesi akainua mwiko juu, sabuni ikateremka taratibu, ndefu, inateleza.

"Mlenda!" akapiga kelele. "Mtani, umepika mlenda wa bluu!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Majirani walitoka kuangalia, na Paulina wa nyumba ya nyuma akauliza kama kuna mtu amepata mchumba. Tukamwambia yupo, yumo kwenye pipa.

Mchana huo tukaloweka mashuka. Povu likatoka kwenye maji yetu haya haya ya chumvi, povu jeupe lililopanda mpaka viwiko. Utando wa miezi ukaachia, maji ya kwanza yakatoka meusi, ya pili ya kijivu, ya tatu ukaona mpaka chini ya beseni. Tukasuuza, tukaanika. Jua la Dodoma na upepo wake mtu huwa anavilaani, lakini siku hiyo ndani ya saa moja kamba nne zilikuwa zinapepea nyeupe, zinaumiza macho.

Ijumaa tukaenda Ipagala wote wawili. Makame ni kijana wa taratibu, hana maneno mengi. Akalifungua bunda kwenye kaunta, akanyanyua shuka moja, akalipeleka dirishani. Akarudi akachukua la katikati, kuhakikisha hatujaweka mazuri juu. Na hilo akalipeleka dirishani. Nilikuwa nimemshika Anyesi mkono bila kujua.

"Wiki ijayo," Makame akasema, "nitakupa na taulo, mama. Mashine tutaiacha."

Nje nikaruka. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, na baibui langu, nikaruka barabarani, bodaboda wakapiga honi. Anyesi alikuwa anatabasamu tu, kimya kimya.

Tulipofika nyumbani nikamfuata mpaka chumbani kwake, maana nilikuwa bado sijamaliza kujisifu. Siku ile ya mlenda niliishia barazani kwenye jiko lake, sikuingia ndani. Sasa nikaingia. Kitanda kilikuwa kimebaki chaga tupu. Godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, umebaki mkeka sakafuni. Masufuria, ila lile la mlenda, yamo kwenye kiroba, nguo zimo kwenye furushi la kanga, na ukutani limebaki baka jeupe palipokuwa na picha ya harusi yake.

"Umefunga lini?" nikauliza.

"Jumanne."

Jumanne. Kabla hata sijaloweka soda. Amekoroga Jumatano akijua anaondoka, amebeba ndoo za kanisani, amenicheka, amefua.

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Sabuni sikuiamini hata kidogo," Anyesi akasema. "Nilisema tu, siku zilizobaki nizishinde kwako."

Machozi yalinitoka mazima mazima, nikayaacha yatoke. Halafu nikapiga magoti kwenye sakafu, nikalivuta furushi, nikaanza kufungua fundo la kwanza kwa meno.

"Taratibu, mtani," akasema. "Kanga yenyewe ni ya kuazima."

"Ya nani?"

"Yako."