Ufa wa Nyakabanda

Asubuhi hiyo viatu vya Dakta Zephaniah vilikutwa kizingitini vikiwa vimegandwa na tope jekundu, naye hakukumbuka kukanyaga tope popote.

"Jana ulipita wapi?" mkewe Vestine alimuuliza.

"Kimironko. Nilifundisha kutwa nzima."

Vestine alivitazama viatu, kisha akamtazama yeye. Zephaniah alivaa viatu vingine, akatoka mbio.

Kukimbia ndiko kulikokuwa maisha yake. Alifundisha elimu ya udongo katika vyuo viwili, kimoja juu mtaani Kimironko, kingine upande wa pili wa jiji, na kati ya vyuo hivyo alipanda pikipiki. Alizoea kuwajibu wanafunzi huku akifunga mkanda wa kofia ngumu. Kila chuo kiliamini kwamba moyo wake uko kwenye kile kingine.

Tangu mvua zianze, mwanafunzi wake mmoja wa chuo cha pili, Kaliza, alikuwa akimwonyesha picha kwenye simu: ufa ulioichana ardhi nyuma ya nyumba yao, huko Nyakabanda.

"Mwalimu, tazama, umepanuka."

"Wiki ijayo, Kaliza. Nitakuja mwenyewe."

Kila alipotamka hivyo, alimaanisha.

Mchana huo alimkuta Kaliza akimngoja kwenye lango la chuo cha pili, macho yamevimba. Binti aliidaka mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, mlima umeshuka alfajiri. Nyumba imekwenda yote."

"Mama yako?"

"Mzima! Si ulitutoa wewe mwenyewe jana mchana?" Kaliza alicheka na kulia kwa pamoja. "Ulikuja kwa miguu, mvua inakunyeshea. Ukapiga magoti, ukaingiza mkono kwenye ufa, ukasema hatulali pale. Godoro la mama ukalibeba kichwani."

Zephaniah alijitenga kando ya ukuta, akampigia Habiyaremye, mwalimu mwenzake wa Kimironko.

"Jana mchana nilikuwa darasani?"

"Ulikuwepo, hata muda wa kipindi changu ukaula," Habiyaremye alijibu. "Kwani una nini?"

Alikata simu. Akaviwazia vile viatu kizingitini. Kilichomtisha zaidi si kwamba kuna mtu aliyetembea kwa sura yake. Ni kwamba mtu huyo alikuwa ametenda lile ambalo yeye alikuwa akiliahirisha, tena bila haraka.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alivunja kipindi. "Nipeleke kwa mama," alimwambia Kaliza.

Spéciose, mama yake Kaliza, alikuwa amehifadhiwa nyumbani kwa dada yake, ambaye muda huo alikuwa kazini. Alikuwa amekulia Ngara, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa bado na utulivu wa huko. Hakumshukuru mgeni wake. Alimchunguza usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha sura mbili.

"Kumbe kweli umekuja," alisema.

"Jana, mama, nilisema nini nilipoondoka?"

"Nilikupa kiti ukakikataa. Ulisema unakwenda kumtafuta mwenzako. Kwamba anakimbia huku na huku, na hata akija hapa atakuwa bado hajafika." Alivuta kiti, akakipangusa kwa upande wa kitenge chake. "Ukatuomba tukimwona, tumkalishe."

Zephaniah aliketi. Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Ni chuo kimojawapo kilichomtafuta, na hakutaka kujua ni kipi. Aliiacha mpaka ikachoka. Nje mvua ilianza upya, ikipiga mabati taratibu.

Kaliza alileta chai. Mle chumbani walikuwa watu watatu, lakini aliweka vikombe vinne, na mama yake akavijaza vyote. Kile cha nne alikisogeza mbele ya kiti kilichokuwa karibu na mlango, kisha akaurudishia mlango nusu, akauacha wazi kiasi cha mtu kupita.