Nyasi Zilizolalia Fremu

Siku Asilimia alipoacha kuja kazini, maji yalikupwa saa tatu na nusu asubuhi. Mdogo wake alikuwa ameshakaa kwenye boti tangu saa mbili, kamba zimekunjwa, penseli tatu zimechongwa, na maneno ya kumsuta kaka yake yamepangwa tayari mdomoni. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumsubiri. Saa tatu simu ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa Asilimia, mtu asiyejua kupiga simu bila kuanza na utani. Siku hiyo alisema, "Wifi, njoo nyumbani," akakata.

Asilimia alikuwa amelala usiku kama kawaida, na hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Mwezi huo wa tatu nyasi hazikupimwa.

Huyu mdogo mtu watu walimwita Karani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika. Ofisi ya mazingira iliwaajiri yeye na kaka yake kupima nyasi zinazoota chini ya maji, pale mto unapopanuka na kukutana na bahari. Kila Machi na kila Septemba walikwenda sehemu zilezile sitini. Asilimia alizama na fremu ya mraba ya bomba la plastiki, nusu mita kila upande, akailaza chini, akakadiria ni kiasi gani cha mraba ule kimefunikwa na nyasi. Maji ya pale ni ya tope na miwani haisaidii kitu, kwa hiyo alipima kwa kiganja, akipapasa taratibu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akimaliza, mkono wake ulitoka majini kabla ya kichwa. Kila kidole ni kumi, kilichokunjwa nusu ni tano. Zaidi ya hamsini, mkono ulitoka mara mbili. Karani alikuwa ameshaandika kabla kaka yake hajavuta pumzi.

Jina la Asilimia alilipata nyumbani. Kila kitu alikipima. "Mke wangu, wali huu umeiva asilimia tisini," alisema siku moja mezani, na mkewe akamjibu, "Hiyo kumi iliyobaki kaile kwa huyo aliyekufundisha hesabu." Jina likatoka pale likaenda mtaani, likaingia ofisini, mpaka barua za kikazi zikawa zinamfikia kwa jina hilo.

Mchana walikula kwenye boti, mayai ya kuchemsha matano na chumvi kwenye kikaratasi. Mawili mawili, na la tano lilishindaniwa. Asilimia alisogeza boti mahali pa kina kifupi, Karani akatumbukiza mkono mpaka begani, akapapasa, akataja namba. Akiipatia namba ya kaka yake, yai lake. Miaka ya mwanzo alikula mayai mawili tu kila siku. Miaka ya mwisho Asilimia alilalamika kwamba anadhoofika.

Septemba ilipofika, ofisi ilileta mzamiaji mpya, mwanamume mpole aliyekuwa akisugua meli kwa chini bandarini. Alimwita Karani "dada" na aliomba ruhusa kabla ya kukaa upande wa mbele wa boti, pale alipokuwa akikaa marehemu. Karani akamwambia akae tu, boti haina jina la mtu.

Namba za mzamiaji zilianza chini na zikabaki chini. Ishirini na tano. Arobaini. Thelathini. Jioni ya siku ya tatu Karani alipiga wastani mara mbili kwa sababu hakuamini macho yake. Septemba iliyotangulia, siku za Asilimia, ilikuwa hamsini na mbili. Sasa ilikuwa thelathini na nne.

Mkuu wa ofisi alishika kichwa. "Theluthi moja imepotea kwa mwaka mmoja," alisema. "Hawa kina mama wanaochimba kome ukingo wa kaskazini wameikanyaga yote. Nitaandika barua, tufunge upande ule miaka miwili."

Karani alitoka nje, akamkuta mzamiaji anasuuza fremu bombani.

"Hebu nieleze unavyopima," alimwambia.

"Kama mwongozo unavyosema, dada. Nyasi iliyoota nje ya fremu ikalalia ndani, naisukuma pembeni kwanza. Ndipo nakadiria iliyoota ndani."

Karani akasema sawa, akaenda kukaa kwenye benchi la karakana.

Alikuwa anajua. Mwaka wa tatu wa kazi, siku moja maji yalikupwa kupita kiasi na kwa mara ya kwanza aliiona fremu ikiwa chini. Mkondo ulikuwa umezilaza nyasi zote upande mmoja, na nyingi zilizokuwa ndani ya mraba zilikuwa na mizizi nje. "Kaka, hizo si zetu," alisema. "Zimeota nje."

"Najua. Nimejua tangu mwaka jana."

"Mbona unazihesabu?"

"Kwa sababu mwaka wa kwanza nilizihesabu. Nikianza kubagua leo, watasema nyasi zimepungua, kumbe kilichopungua ni ujinga wangu. Na za mwaka wa kwanza nitazipeleka wapi? Nitakosea hivihivi kila mwaka, ili tofauti ibaki ya kweli. Tutawaambia ofisini. Andika, Karani."

Aliandika. Ofisini hawakuambiwa. Kila msimu walisema watakwenda, na kila msimu kulikuwa na mashine ya boti iliyogoma au ripoti iliyochelewa, mpaka jambo lenyewe likazoeleka kama kelele za friji.

Sasa aliyebaki kulijua ni yeye peke yake. Akikaa kimya, kina mama wa kome watafungiwa kwa nyasi ambazo zipo. Akisema, miaka kumi na tisa ya kaka yake itaitwa makosa.

Jumamosi alikwenda kwa wifi yake. Wifi alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilikuwa kimejaa sare za shule zisizo na vifungo. Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na cheti cha utumishi mwema cha Asilimia, ndani ya kioo. Karani alieleza yote. Wifi alisikiliza bila kusimamisha mguu.

"Kwa hiyo utawaambia mume wangu alikuwa anatia chumvi."

"Nitawaambia alivyokuwa anapima."

"Ndiyo yaleyale, wifi. Umeyashonea bitana tu."

"Wakifunga ukingo, wale wanawake watakula nini miaka miwili?"

"Wale wanawake wana waume zao hai," wifi alisema. Kisha akakata uzi kwa meno, akachukua sare nyingine, na cherehani ikaanza tena. Karani alikaa dakika kumi hivi akihesabu vifungo vilivyokuwa kwenye kopo. Alipoaga, wifi hakuinua kichwa.

Usingizi haukuja, lakini wazo lilikuja. Kusema tu hakutoshi. Maneno matupu yangezichafua namba zote. Ilibidi waone tofauti ni kiasi gani.

Jumatatu alimweleza mkuu na kumwomba siku tatu na boti. "Mzamiaji apime kwa mwongozo. Mimi nitapima fremu zilezile kwa njia ya marehemu."

"Karani, una miaka hamsini na mbili."

"Hamsini na moja."

"Na kazi yako ni kuandika. Utaijuaje namba ambayo angeisema yeye?"

"Nimemlia mayai yake miaka mingi," alisema Karani, na mkuu, ambaye hakuelewa, alimpa siku tatu.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhani. Kila sehemu mmoja alizama na mwingine akabaki na penseli, na kila mtu aliandikiwa ukurasa wake. Karani alishuka na pumzi zake za taabu, akalaza fremu, akafungua kiganja. Nyasi zilizokuja na mkondo zilimpita katikati ya vidole, zenye mizizi ndani na zenye mizizi nje, na hakubagua hata moja. Fremu ya saba aliacha kufikiri. Alijua tu kaka yake angesema arobaini na tano, tena angesema kwa kujivuna.

"Dada," mzamiaji alimwambia kutoka kwenye boti, "mbona mkono wako unatoka kabla ya kichwa?"

Hakuwa amejua. Alishika ukingo wa boti akajifanya anakohoa, na yule mwanamume akageuka kutazama upande mwingine mpaka alipomaliza.

Kwa mwongozo ilitoka thelathini na nne tena. Kwa kiganja cha Asilimia, arobaini na tisa. Nyasi zilikuwa zimepungua kwa tatu, si kwa kumi na nane.

Mkuu aliitazama karatasi. "Kwa nini hakusema?"

"Alichelewa. Na mimi nilichelewa naye."

Barua ya kufunga ukingo ikachanwa. Daftari za zamani zikabaki kama zilivyo, ila ikaamuliwa kila moja ibandikwe ukurasa wa maelezo wenye saini ya Karani. Kabla ya kutia saini aliupeleka kwa wifi yake. Wifi alisoma akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alisoma mara mbili.

"Hapa mmeandika alikadiria juu," alisema. "Andikeni na kwamba alijua. Na kwamba aliacha hivyo kwa makusudi."

Wakaandika. Wiki iliyofuata wifi alimpigia Karani simu, akauliza kama shule ya uzamiaji inapokea na vikongwe siku hizi.

Ofisi iliamua vipimo vifanywe kwa njia zote mbili misimu miwili zaidi, ili tofauti ithibitike. Karani alizama Machi, akazama na Septemba. Baada ya hapo haikuwa lazima tena. Sasa kila fremu inapimwa mara moja tu, kwa mwongozo. Mzamiaji anazama, na Karani anaandika.