Kipande Chenye Siagi

Kila Jumamosi saa saba mchana Wanyonyi alisimama kwenye dirisha la nyuma la duka la mikate karibu na chuo cha ualimu, Eldoret. Mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu. Dirishani alikuwepo Mama Nelima na kisu chake kirefu. Alikata mkate mara mbili, akapaka siagi, akaweka nyama baridi ya kondoo na kitunguu, akafunika. Wazungu waliita chakula hicho sandwichi. Wanachuo walikiita kipande, na hakuna chakula alichokipenda Wanyonyi zaidi ya hicho.

"Mama, nipe kipande."

"Kipi? Cha kula ama cha kufungwa?"

Alimwuliza hivyo kila Jumamosi na wote wawili walicheka. Cha kufungwa kilining'inia shingoni mwa Wanyonyi ndani ya kikopo cha bati: karatasi ya serikali yenye jina lake, alama za vidole vyake kumi, na saini ya Bwana Kofia, mwenye shamba la ngano kule Sergoit, kwamba amemwachilia. Wanyonyi alivuna ngano miaka miwili akingoja saini hiyo. Bila hiyo angerudishwa shambani kama mtoro, na masomo yangeishia hapo.

Jumamosi ya pili ya Machi, mwaka wa 1937, alikula haraka akiwa amesimama. Kipande kilikuwa kigumu kutafuna, na kilikuwa na ladha ya wino. Alipomeza tonge la mwisho alisikia kikopo kimekuwa kizito kifuani. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mkate, siagi, nyama na kitunguu.

Alikiinua kikopo hadi dirishani.

"Mama, nimekula kile kingine."

Mama Nelima alichungulia. "Kweli, umekula. Kipyego wa darasa la useremala alikula chake Jumanne. Nilimwambia atapike, akatapika. Ilitoka nyama tu."

"Sasa yuko wapi?"

Mama Nelima alifuta kisu. "Funga hicho kikopo, nzi wasiingie. Na usipite darajani."

Lakini chuo kilikuwa ng'ambo ya mto Sosiani, na daraja lilikuwa moja.

Askari wa darajani aliitwa Kimeli. Alimwona Wanyonyi akiwa bado mbali, na mtu aliyeonekana akigeuka hapo alifuatwa na mbwa. Wanyonyi aliendelea kutembea.

"Mwalimu, kipande."

Kimeli aliinua mkate kwa vidole viwili, akausoma. Kwenye siagi zilikuwepo alama kumi za vidole, safi, mistari miwili. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri kwenye ganda. Akageuza upande wa pili.

"Saini ya bwana wako iko wapi?"

"Nimeimeza, afande. Nina mtihani Jumatatu. Wewe unanijua."

"Nakujua. Saini ndiyo siijui."

Hakumpiga. Alirudisha mkate kikoponi, akamtoa sisimizi mmoja, kisha akaandika neno "mtoro" katika daftari lake.

Kule Sergoit, alikorudishwa Wanyonyi, Bwana Kofia alinusa mkate, akatoa kalamu na kuandika juu yake tarehe ya kuanza kazi. Alisema wino hushika vizuri zaidi kwenye mkate wa jana.

Mkate haukuoza. Wanyonyi alipoinama kulima, harufu ya nyama ilimpanda puani, na siku ambazo posho ilichelewa alilima kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia kifuniko. Kufikia Juni wanaume kumi na wanne wa shamba hilo walibeba mikate shingoni. Kuila lilikuwa kosa la kuharibu mali ya serikali, kifungo miezi sita. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kuhesabu watu, nyapara alifungua vikopo kimoja kimoja, kisha akanusa vinywa.

Asubuhi moja Wanyonyi aliamka na kukuta kona ya mkate wake haipo. Hakukumbuka kuila. Alifikiria panya, lakini kifuniko kilikuwa kimefungwa. Alikwenda kusimama kwenye mstari pamoja na wenzake, akapitisha ulimi kwenye meno akitafuta kitunguu, na nyapara alipofika mbele yake akafungua kinywa.