Mkwe Kwenye Kioo cha Simu

“Nusu saa, Mama Limi. Sikuombi kiwanja, nakuomba nusu saa.”

“Na mimi nakwambia mawe ya watu yako ndani. Nikilizima katikati, yule pale atasema nini?”

Yule pale alikuwa mwenye mawe, mwanamume wa kofia ya sufu aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, macho hayabanduki. Segese yote inajua mambo hayo. Mawe ya dhahabu yakishaingia kusagwa, mwenyewe hali, hatembei, chooni anakwenda kwa kukimbia. Na mashine haizimwi mpaka mawe yawe unga, kwa sababu ikizimwa tu, dhahabu imeshaibwa, hata kama haikuwemo.

“Basi lipeleke nyuma ya nyumba,” alisema Paskalia.

“Karasha si beseni, Mama Ritha. Na wewe hamishia huko nyuma huyo bwana wako wa kwenye simu.”

Neno hilo lilikuwa limezunguka mtaani tangu masika. Mama Ritha, mjane, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, kila jioni saa moja anajifungia ndani na simu, mara anacheka, mara anasema “ndiyo, nimekuelewa.” Hosiana, yaani huyo Mama Limi mwenye karasha, ndiye aliyekuwa ameliuza neno kwa bei ya jumla.

“Ni chuo,” alisema Paskalia.

“Chuo kina geti. Chuo kina kengele. Hicho chako kina nini?”

Kilikuwa na bando, na bando lilikuwa linaisha saa sita. Paskalia alikuwa amefundisha chekechea miaka tisa bila karatasi yoyote, na mwenye shule alikuwa amemwambia kwa upole, jambo lililomtisha zaidi kuliko ukali, kwamba ifikapo Januari asiye na cheti cha ualimu wa awali atampisha mwingine. Chuo kimoja cha Shinyanga kilikuwa kinafundisha watu kama yeye kwa mtandao. Masomo jioni, kazi unazituma kwa simu, na mwisho kabisa mtihani wa kuongea: unasimama mbele ya kamera robo saa, unaeleza somo lako, mkufunzi anakuuliza, wenzako wanatazama kila mmoja akiwa kwao. Zamu yake ilikuwa leo, saa nne asubuhi. Akiikosa, mpaka mwakani. Na mwakani kiti chake kingekuwa na mtu.

Aliyewaamua ni mwenye mawe, bila kugeuka. “Mama, mawe yangu yanaisha saa nne kasoro robo. Yakiisha, yeye atazima. Mtaacha kunipigia kelele?”

Hosiana alikubali, ila kwa sharti moja: aingie akaone hicho chuo kwa macho yake.

Saa nne kasoro dakika tano karasha lilinyamaza, na ukimya ukawa mkubwa hata kuku wakashangaa. Ndani, Paskalia aliisimamisha simu juu ya meza kwa kuiegemeza kwenye pakiti ya chumvi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Hosiana alipewa kigoda pembeni na kuambiwa asipumue kwa nguvu. Nyuso zikaanza kuingia moja moja kwenye kioo: Agnetha wa Buseresere akiwa na mtoto mgongoni, Enock wa Geita, kiongozi wa darasa, amekaa juu ya pikipiki yake. Wakafika thelathini na mmoja.

Halafu akaingia mkufunzi, na hakuwa mwalimu Rhoda waliyemzoea.

“Habari za asubuhi. Mwalimu Rhoda amelazwa tangu jana. Mimi naitwa Donatus, nitasimamia uwasilishaji badala yake.”

Paskalia alivuta kanga kichwani, akainama chini ya meza.

“Umeona nyoka?” aliuliza Hosiana kwa kunong’ona.

“Ni mkwe wangu.”

Donatus alikuwa mume wa Ritha. Alikuwa amemwoa miaka minne iliyopita, na miaka yote hiyo yeye na mama mkwe wake walikuwa hawajatazamana usoni. Mjini siku hizi watu wanakaa na wakwe sebuleni wakitazama tamthilia pamoja, lakini Paskalia alilelewa na bibi Msukuma wa zamani, ambaye akimwona mkwe njiani anaingia kwenye mtama. Donatus naye alilelewa hivyo hivyo. Akija Segese anaishia uani, anageuzia nyumba mgongo, anasalimia kwa sauti, anapelekewa chakula chini ya banda. Alijua mkwewe anasoma; hakujua kwamba yumo katika darasa la Rhoda, kwa sababu kwenye orodha ya mtandaoni Paskalia alikuwa amejiandikisha “Mama Ritha,” na akina Mama Ritha ni wengi duniani.

“Anayeanza ni Mama Ritha,” alisema Donatus akisoma. “Jina kamili…”

Akasoma jina kamili. Wanafunzi thelathini waliona mkufunzi akiinuka ghafla kutoka kwenye picha, na picha ikabaki inaonyesha kiti kitupu na ramani ya Tanzania. Kwenye picha ya Paskalia kulikuwa na ukuta mtupu. Enock aliandika chini: mtandao umekata kwenu au kwangu?

“Mwanachuo,” ilisema sauti ya Donatus kutoka nje ya picha, “utaratibu unajulikana. Uso usipoonekana, hakuna alama.”

Utaratibu huo haukuwa wake. Ulikuwa umewekwa baada ya mtu mmoja, mwaka uliotangulia, kumtuma binamu yake amfanyie mtihani kwa sauti. Paskalia alibaki chini ya meza akihesabu. Dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Akitoka, anamkosea heshima mkwe mbele ya watu thelathini. Asipotoka, Januari.

Aliyepata njia ni Hosiana, ambaye shule aliishia darasa la nne lakini simu anaijua kuliko fundi. “Simu ina macho mawili,” alisema. Aliichukua mezani, akawasha jicho la nyuma, akaigeuza: jicho hilo likamtazama Paskalia, kioo kikamtazama Hosiana mwenyewe. “Sasa anakuona, wewe humwoni. Simama useme.”

“Na yeye?”

Donatus naye alikuwa amepata njia yake. “Enock,” alisema, “wewe ni kiongozi. Mimi nitasikiliza. Wewe niambie kama uso upo.”

“Upo, mwalimu. Una kanga, ila upo.”

Basi akarudi kitini akakaa upande, macho ukutani, na darasa zima likabaki linatazama sikio la mkufunzi.

Paskalia alisimama, akaongea na mgongo wa simu. Mwanzo sauti ilikuwa nyembamba. Alipofika kwenye watoto wenyewe, akasahau. Alieleza jinsi anavyofundisha kuhesabu kwa vijiwe: mtoto anapanga viwili, anaongeza kimoja, anahamisha, anatafuta kilichopungua, na namba anaijua mkononi kabla hajaiona ubaoni. Aliinama, akachora duara sakafuni kwa chaki, Hosiana akamfuata na simu kama mpiga picha wa harusi.

“Vizuri,” alisema Donatus. “Swali. Hivyo vijiwe unaviokota wapi?”

“Hapa kwa jirani. Kwenye kifusi cha karasha.”

“Watoto wa miaka minne wanatia kila kitu mdomoni. Hapo kwenye karasha, zebaki haitumiki?”

“Kifusi changu hakina zebaki,” alidakia Hosiana. “Zebaki iko kule kwenye mabeseni ya kukamatia dhahabu, na watoto hawafiki. Uliza vizuri, baba, usiharibie watu biashara.”

Agnetha wa Buseresere aliziba mdomo kwa mkono.

“Huyo ni nani?” aliuliza Donatus, bado anatazama ukuta.

“Ni mwenye simu… ni anayeshika simu,” alisema Enock.

“Jibu la mtu wa pembeni halihesabiki, na linakatwa alama. Mwanachuo ajibu mwenyewe.”

Paskalia angeweza kusema ndiyo, hakuna zebaki. Sentensi ilikuwa imeshaletwa mpaka mdomoni. Alitazama mfuko wa vijiwe pale mezani, vijiwe alivyovigawa kwa watoto miaka tisa.

“Sijui,” alisema. “Sikuwahi kuuliza. Vijiwe hivi navitupa leo, Jumatatu natumia vizibo vya soda vilivyochemshwa.”

“Asante. Anayefuata.”

Majibu yalitoka Alhamisi kwenye ukurasa wa chuo. Kufaulu ni hamsini. Paskalia alikuwa na hamsini na nne.

“Mkwe gani huyu?” Hosiana alizunguka nalo mtaani siku nzima, na kwa mara ya kwanza habari ilikuwa ya kweli. “Ng’ombe ishirini na wawili aliotoa mahari wote wamemfundisha kumpa mama mkwe hamsini na nne?”

Jioni Ritha alipiga simu. Alisema mume wake aliwaandikia wakuu wake siku ile ile kwamba mtahiniwa ni mkwe wake, wakamweka mwingine asikilize rekodi upya, naye akaandika hamsini na nne vilevile. Alisema Donatus amepunguza kula. Alisema, “Mama, anaogopa kuja.”

“Cheti nitapata?”

“Utapata. Desemba.”

“Mwambie Jumamosi aje.”

Jumamosi saa saba mchana Donatus alishuka kwenye bodaboda. Alisimama uani kama kawaida, mgongo ameielekezea nyumba, mfuko wa sukari mkononi.

“Shikamoo, mayu,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Marahaba.”

Hosiana alikuwa ameshafika, hakuna aliyemwita. Aliinua sinia la ugali na samaki alipeleke bandani, kazi anayoifanya kila mkwe anapokuja. Paskalia alimzuia mkono.

“Rudisha mezani.”

“Mezani? Na huyu?”

“Mtu aliyenipa hamsini na nne,” alisema Paskalia, “amebakiza aibu gani ya kunionea?” Akavua kanga kichwani, akaikunja, akasimama mlangoni. Sauti yake haikuwa kubwa. “Donatus, mwanangu, geuka. Nawa mikono uingie ndani tule.”