Ndovu wa Hannibal Walivyokula Nthenge Wangu

Haya nitakayoandika ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata neno moja, radi ipige ng'ombe wangu wote. Najua utasema sina ng'ombe. Kiapo ni kiapo.

Mimi ni Kyule wa Kwa Vonza, Baba Nzilani. Niliendesha greda la barabara mpaka nikastaafu, na ukiona kilima fulani njia ya Kitui kimelala chini kama mbwa aliyeshiba, jua siku hiyo niliamka na hasira. Shule niliiacha mapema, lakini historia ya dunia naijua. Nimeisoma kwenye magazeti ya kufungia nyama. Roma naijua vizuri sana mpaka pale ilipoanza kuanguka. Karatasi iliyofuata ilikuwa imefunga maini, haikusomeka.

Adui yangu ni Ndeti, mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu na mtu wa ukoo wangu. Namwita adui nikiwa na akili timamu.

Ukoo wetu hukutana kila Desemba, mwaka mmoja upande wa Kitui, mwaka mwingine Makueni. Nyama zikiwa bado motoni, wazee hushindanishwa kwa maswali ya historia. Nani alijenga piramidi? Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini? Muulizaji ni Mutanu, katibu wa vijana, msichana mwenye simu kubwa na huruma ndogo. Mwaka mmoja tulikuwa Kwa Vonza, akauliza: "Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vilichukua miaka mingapi?"

Nilicheka. Nikasimama, nikashika mkanda wa suruali. "Mutanu mwanangu, hilo ni swali ama ni zawadi? Mia! Kamili!"

Ndeti alingoja watu wanyamaze. Akavua miwani, akaifuta pole pole, akairudisha. "Mia moja na kumi na sita," akasema. "Lakini tumsamehe. Ni mtu wa greda. Ile kumi na sita ilikuwa imeinuka kidogo, akaisukuma mtaroni."

Watu walilala chini kwa kicheko. Nakwambia kuna mama alimwaga sufuria ya ndengu.

Tangu siku hiyo nikawa Mia Kamili. Sokoni, Mia Kamili. Kanisani pasta akisema tufungue wimbo namba mia, viti vyote vinageuka kunitazama. Hata Syombua, mke wangu wa ndoa ya pete, akinimiminia chai: "Mia Kamili, sukari imetosha?" Mtu anaweza kuvumilia njaa na kiangazi. Kuitwa hivyo na mke wako, hapana. Niliapa kwamba kabla sijafa jina langu la Baba Nzilani litarudi, na Ndeti atapewa lake, baya kuliko langu, mbele ya ukoo mzima.

Kisasi hicho nilikipika polepole kama kichwa cha mbuzi. Namjua Ndeti. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kusikia jambo asilolijua akakubali kwamba hakulijua. Ukimwambia habari mpya, kesho anaisema kama aliifundisha tangu uhuru. Basi nikasema, huyu nitamlisha uongo, na atautapika hadharani.

Uongo nikauchagua vizuri. Hannibal wa Carthage ni mtu wa kweli, alivusha ndovu juu ya milima ya Alps kwenda kupiga Roma. Hiyo ilikuwa kwenye gazeti la matumbo, nakumbuka. Mimi nikaongeza kidogo tu: kwamba wale waliowaongoza ndovu walikuwa Wakamba. Wawindaji wetu walifuata mto Nile mpaka baharini, ndovu walipokataa kukanyaga theluji, Wakamba wakawashonea viatu vya ngozi, wakawapaka asali kwenye mkonga, wakawaimbia. Ndovu wakapanda Alps wakitingisha mabega.

Lakini neno likitoka kwangu, Ndeti hawezi kulila. Kwa hivyo nikamtafuta Abdille, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi. Abdille huja Kwa Vonza kila siku ya soko, na mdomo wake unafanya kazi kuliko lori lake.

"Walahi, mzee?" akaniuliza nilipomaliza. "Viatu? Ndovu?"

"Vya ngozi. Miguu minne, viatu vinne."

"Na wewe umesoma wapi?"

"Mambo makubwa hayaulizwi yamesomwa wapi. Wewe mwambie Kaveke ukienda chai. Usinitaje, mimi sipendi sifa."

Kaveke ndiye mwenye hoteli ya chai pale sokoni, na Ndeti hunywa hapo kila asubuhi, meza ya dirishani. Juma lililofuata nilijipitisha nje nikijifanya natafuta kuku. Nikasikia sauti ya Ndeti ndani: "Bila shaka, bila shaka. Hilo la Wakamba na Hannibal, mimi nililifundisha miaka mingi, sema tu haliko kwenye silabasi."

Nilienda nyumbani nikiruka mitaro kama kijana. Kazi iliyobaki ni kumnong'oneza Mutanu kwamba mwaka huu awaulize wazee habari za Hannibal, kwa sababu watu wanapenda ndovu.

Mkutano ulikuwa Kambu, Makueni, uwanja wa kanisa kando ya barabara kuu ya Mombasa. Trela ikipita, msemaji anangoja na mdomo wazi. Mwenyekiti alikuwa Munyao, mzee mkali wa Makueni, asiyecheka hata akitekenywa. Abdille alikuwepo, maana mbuzi za karamu ndiye aliyezileta. Kaveke alikuwa jikoni na akina mama. Nilivaa koti. Nilikaa mstari wa mbele, nikingoja kwa furaha mbaya.

Mutanu akauliza: "Hannibal aliwezaje kuvusha ndovu juu ya Alps?"

Ndeti alisimama kabla swali halijaisha. Akafuta miwani. Akaanza. Nile, asali, viatu, nyimbo, vyote. Hata akaongeza vyake: ati kiongozi wao alikuwa mtu wa ukoo huu huu wetu, na Hannibal alimpa mkuki wa shaba. Nikasema moyoni, chimba, mwalimu, chimba mpaka chini.

Alipomaliza, nilijitayarisha kwa kicheko. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

Hawakucheka. Akina mama wa Kambu walipiga vigelegele mpaka dereva mmoja wa lori akapiga honi kuwaitikia. Mzee mmoja alilia machozi. Munyao, yule asiyecheka, akatabasamu, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. "Kumbe!" akasema. "Ukoo huu ulipiga Roma! Mwalimu, mwaka ujao ukae hapa kando yangu, utufundishe."

Ndugu msomaji, niliona giza. Uongo wangu, niliouzaa na kuulea, unampa Ndeti kiti! Nikaruka juu.

"Mwenyekiti! Huo ni uongo! Mkamba gani alikuwa Alps, miaka mia mbili na zaidi kabla Yesu azaliwe? Mutanu, angalia simu!"

Mutanu akaangalia. Akasogeza kidole, akasogeza tena. "Hannibal yuko. Ndovu wako. Wakamba... hawako, mzee. Na viatu pia hakuna."

Uwanja wote ukamgeukia Ndeti.

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini. Mwenye akili angekaa. Lakini niliona uso wa Ndeti umeanza kukunjika na nikataka zaidi, nikataka kumwona akiomba msamaha kwa magoti. Nikapaza sauti mpaka koo likauma: "Huu ni ukoo au ni kilabu cha pombe? Mtu anawadanganya wazee juu ya mababu zao wenyewe! Nataka faini! Faini ya nthenge, dume la mbuzi lililoshiba, watu waende nyumbani kwake wale nyama, yeye asionje hata mchuzi!"

"Kweli!" watu wakaitikia. "Faini!"

Munyao akainua fimbo. "Ombi limepita. Faini iko. Sasa turudishe neno nyuma."

Hapo nikakumbuka. Kwa hasira nilikuwa nimesahau utaratibu niliokua nao tangu utotoni. Kwetu faini haimwangukii aliyesema, humwangukia aliyeanzisha. Neno hurudishwa mdomo kwa mdomo, kila mtu akionyesha alikolitoa, mpaka lifike kwa mwenye nalo.

"Mwalimu, ulilitoa wapi?"

Ndeti hakuwa tena na la kufundisha. "Kwa Kaveke," akasema akitazama viatu vyake.

Kaveke akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi? Mimi niliambiwa na Abdille, tena mbele ya wateja."

Wote wakageuka. Nilimkonyeza Abdille. Nikakohoa. Nikatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Abdille akaniona nahangaika, akadhani ni haya. Masikini, alinionea huruma! Akaja akanishika bega mbele ya watu wote. "Mzee, usione aibu. Sifa ni yako. Wazee, ni huyu hapa aliniambia, na hakutaka hata nimtaje. Walahi huyu ni mtu mnyenyekevu!"

Trela ikapita. Tulingoja wote ipite. Ilikuwa ndefu.

"Mia Kamili," akasema Munyao, na meno yake yakapotea tena, "tutakuja kwako Jumamosi."

Jumamosi walikuja, Kitui na Makueni. Nilikuwa nimemfunga mbuzi mbele ya nyumba, mwembamba, jicho moja limefumba. "Nthenge ndiye huyu," nikasema kwa huzuni. "Nilikuwa na mwingine mkubwa, lakini fisi alimchukua juzi. Fisi wawili. Mmoja alishika mlango."

Abdille alimpapasa mgongo yule mwembamba, akatikisa kichwa. "Mzee, huyu hata si dume."

"Uzee umembadilisha," nikasema.

Wakati huo huo, ndani ya chumba changu cha kulala, kitu kilipiga chafya nzito, ukafuata mlio wa dume lililonona.

"Fisi amerudi," akasema Ndeti.

Syombua alikuwa amekaa kwenye kigoda, anacheka mpaka anashika mbavu. Hakuna aliyenisaidia. Niliingia chumbani mwenyewe, nikafungua kamba kwenye mguu wa kitanda, nikamtoa nthenge wangu mweusi mbele ya ukoo. Nikamshikilia miguu wakati Munyao anachinja. Nikachoma. Nikakata. Nikawapelekea watu nyama kwenye sinia, mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa Ndeti.

Alichukua ubavu, akautafuna taratibu akinitazama juu ya miwani.

"Baba Nzilani," akasema, "chumvi iko wapi?"

Nikaenda kuleta chumvi.